Shukrani kwa mzee wa njia panda ya Mingoyo

Mzee wetu, shikamoo. Sisi ni wale vijana watano wa pikipiki tuliokuwa tunatoka Mtwara kwenda Lindi Jumapili jioni. Mwenzetu alipata pancha, giza linaingia, pampu tumeisahau nyumbani. Ukashuka kwenye baiskeli yako bila kuitwa. Ulibandua tairi kwa mipini ya vijiko viwili, ukaizamisha tyubu kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yakaonyesha tundu, ukapakwangua taratibu kwa msasa ndipo ukatia gundi na kiraka. Vidole vyako vilikuwa bado na madoa ya utomvu wa korosho. Pesa ukakataa: "Nendeni polepole, wanangu." Jina hatukuuliza, na linatuuma. Tangu utotoni Mikindani tuko watano, na usiku ule tulifika wote watano. Ahsante sana, baba.