Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mkalimani Aitwe Siku Miadi Inapowekwa

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu imepigania jambo moja kuliko mengine yote: mkalimani wa lugha ya alama aitwe siku ile miadi inapowekwa, asitafutwe wakati mgonjwa Kiziwi ameshaketi mbele ya daktari. Mengine mtayapata kwa katibu na mhazini.

Mwenzetu mmoja ameturuhusu tueleze yaliyomkuta. Alikwenda kituo cha afya na uvimbe kwenye titi. Mkalimani hakuwepo, akaambiwa binti yake wa darasa la tano atafsiri. Mtoto alijitahidi vizuri mpaka daktari alipotaja saratani. Mikono ikashuka. Kisha akamwambia mama yake kwa alama: "Anasema urudi siku nyingine." Mama akaondoka ametulia. Ukweli aliujua wiki kadhaa baadaye, tulipompatia mkalimani. Simlaumu mtoto yule hata chembe. Mzigo ule alitwishwa na watu wazima.

Tunaambiwa kalamu na karatasi vinatosha. Havitoshi. Kwa Viziwi wengi lugha ya alama ndiyo ya kwanza. Ile ya maandishi ni ya pili, na sarufi yake ni nyingine kabisa. Mwanachama mwingine alipewa bahasha ya dawa imeandikwa 2 x 3, yaani vidonge 2 mara 3 kwa siku. Akazidisha kama alivyofundishwa shuleni, akameza vidonge 6 kwa mkupuo.

Tulipokaa na wauguzi na madaktari wa ngazi ya msingi, niliona kwamba kinachotuumiza zaidi ni mazoea. Mapokezi wanaita majina kwa sauti. Daktari anamgeukia mkalimani na kusema "mwambie", ilhali mgonjwa yuko hapo hapo. Barakoa inafunika uso, na katika lugha ya alama uso ndio unaobeba swali, ukanushi na ukali wa maumivu. Kurekebisha mengi ya haya hakuhitaji bajeti. Mkalimani akikaa kando ya daktari, nyuma yake kidogo, na dirisha lisiwe mgongoni mwao, mgonjwa anawaona wote wawili bila kuhangaisha shingo.

Ukalimani wa video umetusaidia pale mkalimani alipokuwa mbali. Lakini picha ikikwama, au mgonjwa akiwa amelazwa chali anapimwa tumbo, simu haisaidii kitu. Kamati inaitazama video kama akiba tu.

Hatuombi hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unawataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma katika ibara ya 9, na ibara ya 25 inadai mgonjwa aridhie matibabu kwa hiari, akiwa ameelewa. Sahihi kwenye fomu ambayo mtu hakuielewa si ridhaa.

Tumeshindwa jambo moja, nalo linaniuma: bado hatujafanikisha faili la mgonjwa Kiziwi liwekewe alama ya kudumu ya kuonyesha kwamba anahitaji mkalimani. Kila akienda anaanza upya kujieleza.

Tutalirudia dai hilo, na safari hii tunataka ushahidi wenu. Kabla ya mkutano ujao, mwandikieni katibu au mtumieni video kwa alama: miadi yako ya mwisho mkalimani alikuwepo? Kama hakuwepo, nani alitafsiri? Na ulipotoka chumba cha daktari, ulikuwa umeelewa nini?