Si maji tu, ni pamba

Mhariri,

Juzi kijiweni, tukinywa kahawa hapa Lindi, kijana mmoja alidai wazee wetu wa Vita vya Maji Maji waliwavamia Wajerumani kwa kuamini maji tu, yale ya dawa yaliyosemwa kuzuia risasi. Sikubali. Maji yaliwaunganisha, kilichowachosha ni pamba. Shamba lako linaliwa na nguruwe, wewe uko kwa akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, unapalilia pamba huku unachapwa viboko, na kodi bado unadaiwa. Ukamlalamikie nani? Gavana yuko Dar es Salaam, wakubwa zake wako Berlin, na aliye karibu ni huyo huyo mwenye kiboko. Ndiyo maana Julai 1905, kule Nandete, Umatumbi, watu walianza kwa kung'oa miche ya pamba. Kinjikitile, mganga aliyegawa yale maji, alinyongwa Agosti, vita vikaendelea hadi 1907.

Msomaji wako,
Lindi Mjini