Makala ya Kiswahili nchini Uganda

Ndugu zangu, habari za jioni. Tangu jana, kwenye makala hii ya Wikipedia, mmoja anaandika kuwa Kiswahili kilifanywa lugha rasmi Uganda mwaka 2005, mwingine anafuta na kuweka 2022. Wote mna hoja! Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa lugha rasmi ya pili. 2022 baraza la mawaziri liliridhia agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili kuwa lugha rasmi litekelezwe. Iandikwe miaka yote miwili, kila mmoja na chanzo chake. Msitenguane tena, yaani msifutiane mlichoandika; nendeni ukurasa wa majadiliano. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ukitengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 unaweza kufungiwa.

Na lile neno "mjinga" kwenye muhtasari wa hariri (maelezo mafupi ya badiliko lililofanywa) limeniuma sana. Aliyeliandika amwombe mwenzake radhi leo, tafadhali.