Maboksi ya kompyuta za zamani tusiyakimbizie kwa watu wa skrepa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo linaloniuma kila nikipita Tandika na kuona mikokoteni ya vyuma chakavu, juu yake kuna maboksi ya kompyuta, yale ya kusimama ambayo mtaani tunayaita sipiyu, yamekanyagwa yakawa bapa ili mzigo uenee. Kiukweli sipiyu ni ile prosesa ndogo iliyoko ndani, lile bati la nje ni keisi tu, na keisi haizeeki kama vinavyozeeka vya ndani yake.

Mwaka jana kidogo na la mzee liende huko. Marehemu baba alikua na steshenari Mbagala na kompyuta yake aliinunua kwenye mnada wa ofisi, yenye prosesa ya zamani ya Intel ya Pentium 4, boksi la rangi ya krimu ambalo limeshageuka njano, watoto wa mtaa mzima wamechapiwa barua za kuomba kazi pale. Ilikua imekufa siku nyingi. Jamaa wa mkokoteni akamwambia mama, "Mama nakupa elfu tatu, hili limeshakua chuma tu." Nikamwambia mama naomba usiuze, nipe wiki mbili.

Nikaenda Kariakoo kutafuta mazabodi, yani ile bodi kubwa ya ndani inayobeba prosesa na ramu. Duka la kwanza fundi akaniambia boksi la zamani halibebi bodi ya kisasa hata iweje, lazima ninunue na keisi mpya, sh85,000. Mhariri, hii sio kweli, na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika, maana wapo watu wengi wanaambiwa hivohivo na wanatoa hela ya keisi wakati ya kwao iko nyumbani.

Ukweli uko hivi. Intel walitoa mpangilio unaoitwa ATX mwaka 1995, ukasema bodi iwe na ukubwa gani (milimita 305 kwa 244), matundu ya skrubu yakae wapi, na ule upande wa nyuma wa kuchomekea kibodi na mausi uwe sehemu gani ya boksi. Ile fupi ya microATX, milimita 244 kwa 244, ikafuata 1997 na matundu yake mengi yanaangukia palepale pa ile kubwa. Tangu hapo soketi za prosesa zimebadilika mara nyingi, ramu zimetoka zile za zamani mpaka DDR5, lakini matundu ya skrubu hayajahama! Boksi la miaka ya 2000 lenye mpangilio huo na bodi ya juzi vinafahamiana kama ndugu. Na habari ya joto wasikutishe, kuna Pentium 4 zilifika wati 115, saivi prosesa ya Intel i3 ya kizazi cha 8 niliyoweka mimi ni wati 65, yani boksi limepunguziwa mzigo. Bati lenyewe ni nene, ukiligonga linalia kama sufuria la shughuli, wakati keisi nyingi za bei rahisi za siku hizi ukizishika kwa mkono mmoja zinapinda.

Nilipata bodi ya mtumba ya H310 (aina inayopokea prosesa za kizazi hicho) na prosesa yake, nikampa fundi wa jirani afunge kwa sababu siku hiyo nilikua kazini. Akafunga, haikuwaka. Akaanza kusema unaona sasa, boksi la zamani hili. Jioni nikaifungua mwenyewe taratibu, nikakuta shida. Ndani ya keisi bodi haikai kwenye bati moja kwa moja, inakaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba, na hivi vinafungwa pale tu penye tundu la bodi. Bodi ya zamani ilikua kubwa, hii mpya ni nyembamba, kinguzo kimoja cha zamani kikabaki katikati kimegusa mgongo wa bodi pale kwenye risasi ya kuchomelea, umeme unapiga shoti na pawa saplai, kile kiboksi cha kuleta umeme ndani, inakataa kuwaka. Nikakitoa kwa koleo, ikawaka. Yani dakika tano, na kwa kinguzo kimoja boksi zima lingeitwa bovu. Kwa hiyo anayetaka kufanya hivi aanze hapo, aweke bodi juu ya karatasi achore matundu yake, afu ahesabu vinguzo kimoja kimoja. Na kama bodi ni nyembamba kama yangu ule upande wa kulia unaning'inia hewani, wakati wa kuchomeka ule waya mpana wa pini 24 weka kidole chini yake uishikilie isije ikapasuka.

Kitu kingine ni vile vinyaya vya mbele, vya kuwashia na vya taa. Cha kuwashia hakina chanya wala hasi, kazi yake ni kugusanisha pini mbili basi. Cha taa kina upande, ukigeuza taa haiwaki ila hakuna kinachoungua. Shida moja tu, kwenye maboksi mengi ya zamani plagi ya taa ina matundu matatu na bodi mpya ina pini mbili, sasa unachukua sindano ya kushonea unainua kale kamdomo ka plastiki, unachomoa waya wa pembeni unauhamishia tundu la katikati. Vya USB vya mbele kama havijaandikwa vizuri achana navyo kabisa, ukikosea unaunguza flashi ya mtu.

Kibati cha nyuma cha kuzunguka matundu ya USB kinakuja na bodi, cha zamani unakisukuma kinatoka. Bodi za mtumba mara nyingi huja bila nacho, mi nilikata bati la alumini kwa mkasi nikalipiga tupa. Usiache wazi, kwa Dar hii mjusi ataingia kutagia humo kwenye joto.

Ila pawa saplai ya zamani USIIACHE humo ndani, itoe. Hapa naomba nieleweke, nasifia boksi sio kila kilichomo. Kapasita zake zinakua zimekauka kwa miaka na joto letu, nyingi hazina hata plagi za SATA, zile za umeme wa diski za siku hizi, na zile za mtumba zenye kiswichi chekundu nyuma zinaweza kuwa zimewekwa 115 wakati ukuta wetu unatoa 230, utasikia mlio mmoja na harufu. Nunua nyingine nzima, hapo ndo weka hela uliyookoa kwenye keisi.

Na sio kila boksi linafaa. Zile nyembamba za ofisini za Dell na HP nyingi zina mpangilio wao wenyewe, plagi za umeme za kwao na matundu ya kwao. Njia rahisi ya kujua ni kuangalia nyuma, kama kile kibati cha matundu kinatoka peke yake basi una matumaini, kama matundu yametobolewa kwenye boksi lenyewe hilo litakusumbua.

Nasema haya sasa kwa sababu Microsoft waliacha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel kwa kawaida inataka kuanzia kizazi cha 8, kwa hiyo kompyuta nyingi nzima kabisa zitatolewa maofisini na mashuleni. Ninaomba wanaosimamia minada hiyo wasing'oe vya ndani na kuyauza maboksi kwa kilo. Yauzeni kwa mafundi na kwa vijana wanaosoma kompyuta vyuoni, hata kwa bei hiyohiyo ya chuma. Na wazazi wenye boksi uvunguni, kabla hujamwita mwenye mkokoteni ligeuze kwanza uangalie hicho kibati cha nyuma.

La mzee liko mezani Mbagala, mdogo wangu anachapia barua.

Msomaji wako,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam