Usiilipie Kwanza Diski Ile

Tabata, Dar es Salaam

Mpendwa Baba Neema,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Nimefurahi kusikia kwamba ile kompyuta ya mezani mliyopewa inawaka, ingawa diski yake imekufa, na kwamba duka moja hapo Morogoro limekuwekea diski iliyotumika ya terabaiti 1 kwa bei unayoiona ya kutupa. Nakuomba usiilipie kwanza.

Mwaka juzi nilinunua diski ya namna hiyo hiyo, imefutwa vumbi na kufungwa ndani ya nailoni mpya. Haikumaliza miezi minne. Usiku mmoja nilisikia ndani ya kasha mlio mdogo, ta, ta, ta, kama mtu anayegonga ukucha juu ya meza, na kulipokucha kompyuta haikuiona tena. Picha za mwisho za marehemu mama zilikuwa humo tu. Sikujua wakati ule kwamba diski hujiandikia yenyewe saa ilizokaa imewashwa, na kwamba programu ya bure kama CrystalDiskInfo huzionyesha. Ukikuta saa 31,000, basi diski hiyo imefanya kazi zaidi ya miaka mitatu na nusu, usiku na mchana, kabla haijafika kwako.

Kwa masomo ya Neema, hesabu za duka la mama yake na filamu chache, ningekushauri ununue SSD mpya, yaani diski ya kielektroniki, ya gigabaiti 240, hata kama ni ndogo kuliko ile. Haina sahani inayozunguka wala kichwa cha kusomea kinachoweza kuikwaruza, na ikiwa imeunganishwa kwa SATA, aina ya waya wa diski nitakayokueleza hapa chini, husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, wakati diski ya kuzunguka mara nyingi haifiki 200. Kwa kompyuta ya zamani tofauti hiyo utaiona tangu unapoiwasha. Itakapoonyesha gigabaiti 223 usidhani umepunjwa, kwa maana kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024.

Kabla ya yote, fungua kasha utazame waya wa diski iliyokufa. Ukiwa mwembamba, na kichwa chake kidogo kina umbo la herufi L, hiyo ni SATA na kazi ni nyepesi. Ukiwa mpana kama utepe, wenye matundu mengi, hiyo ni IDE ya zamani, nayo tutaijadili kwanza. SSD ni ndogo kuliko nafasi ya diski ya mezani, lakini kwa kuwa haitikisiki, fundi anaweza kuishikiza kwa kibao chake au hata kwa kamba za plastiki.

Jambo moja linanikosesha usingizi: SSD inaweza kufa bila kutoa mlio wowote, na kuokoa vilivyomo huwa kugumu. Kwa hiyo picha za familia zikae mahali pawili, hata kama pa pili ni flashi kabatini kwa sasa.

Nitumie picha ya waya huo kabla ya Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo nitapita Kariakoo. Nikipata SSD yenye risiti na dhamana, nitampa kondakta wa basi la jioni akuletee.

Rafiki yako wa siku zote