Kihariri cha matini hakihami kwa kukompailiwa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitoe maoni kuhusu makala iliyochapishwa hivi karibuni kwenye ukurasa wenu wa teknolojia. Mwandishi wake alieleza kwamba programu iliyoandikwa kwa lugha ya C kwenye mfumo endeshi mmoja wa jamii ya Unix huhamishiwa mfumo mwingine wa jamii hiyo kwa kukompailiwa upya, yaani kutafsiriwa tena na programu iitwayo kompaila kwa lugha ya mashine, na kwamba kazi yenyewe haizidi siku mbili za mapumziko. Mimi nimemaliza majuzi kuhamisha kihariri kidogo cha matini, yaani programu ya kuandikia na kurekebisha maandishi, chenye mistari isiyofika elfu tisa, kutoka Linux kwenda FreeBSD. Kompaila iliridhika siku ya pili. Kihariri chenyewe kilifaa kupewa mtu mwingine baada ya miezi mitatu ya jioni zangu, na ninachotaka kueleza ni yale yaliyojaza miezi hiyo.

Simlaumu mwandishi kwa imani yake, kwa kuwa historia inampa sababu. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, jambo lililoiwezesha kuhama kutoka mashine hadi mashine katika zama ambazo mifumo mingi ilizaliwa na kufa pamoja na mashine zake. Baadaye ukoo uligawanyika. AT&T (kampuni iliyomiliki maabara za Bell) walikuwa na Unix yao iitwayo System V, Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley kikawa na BSD yake, na kila upande ukarekebisha vitu vilevile kwa namna yake. Kiwango cha POSIX, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, kilikuja kuwapatanisha ndugu hao, nacho kimetusaidia kuliko tunavyokumbuka kukiri. Hata hivyo, POSIX hueleza kile ambacho kila mfumo unapaswa kutoa. Haimkatazi mtu kutumia kile kinachotolewa na mfumo wake pekee, wala haimwashirii anapofanya hivyo. Mtu huandika programu kwenye mashine moja kwa miaka kumi, kila kitu kinakubali, naye hana njia ya kujua ni mambo mangapi kati ya hayo yalikuwa sheria na mangapi yalikuwa mazoea ya nyumba aliyomo.

Programu inayosoma faili, ikahesabu maneno na kutoa jibu, haina mengi ya kuogopa katika safari ya namna hii, na kama mwandishi angeizungumzia hiyo ningekubaliana naye. Kihariri kinachofanya kazi ndani ya terminali, yaani skrini ya maandishi matupu ambamo mtu huandika amri, ni mgeni wa aina nyingine. Kinataka kusikia kila kitufe papo hapo kinapobonyezwa, bila kusubiri mtumiaji amalize mstari. Kinataka kujua upana wa skrini na kuarifiwa unapobadilika. Kisha kinataka kuandika juu ya faili la mwenyewe bila kulipoteza. Hayo yote hukaa pale ambapo mifumo ya Unix ilitofautiana mapema na kwa ukaidi.

Hatua ya kujenga programu haikunisumbua sana. Faili la make, programu inayosimamia ujenzi huo, lilikuwa limeandikwa kwa lahaja ya mradi wa GNU ambayo make ya BSD haiielewi, na skripti mbili zilidai bash, programu ya kutekeleza amri, kwenye saraka ya /bin, ilhali kwenye FreeBSD bash haimo katika mfumo wa msingi, na ukiisakinisha hukaa kwenye /usr/local/bin. Niliziandika upya kwa sh, ndugu ya bash iliyo kwenye kila Unix, nikaendelea.

Terminali ndiyo iliyonifundisha adabu. Msimbo wa awali uliitisha faili la vichwa (faili la matamko yanayohitajiwa na kompaila) liitwalo termio.h, ambalo ni urithi wa System V. Linux hulitunza kwa heshima ya wazee, FreeBSD haina. Kilichokubaliwa na POSIX ni termios, chenye herufi moja zaidi na vitendaji vyake viwili (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa majina yake), tcgetattr na tcsetattr. Kubadilisha majina hayo ni kazi ya saa moja, na hapo ndipo nilipodhani nimemaliza. Terminali, hata hivyo, haipitishi vitufe kama vilivyo. Kati ya kibodi na programu kuna sehemu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, inayosoma kila kitufe kwanza na kuvitwaa vile inavyoviona kuwa vyake: Ctrl-C ili kusimamisha programu, Ctrl-S ili kugandisha skrini, Ctrl-V ili kitufe kinachofuata kichukuliwe bila tafsiri. Kihariri hulazimika kuzima huduma hizo moja baada ya nyingine, na mwandishi wa awali alikuwa amezima zile tu zilizomsumbua yeye.

Kihariri hiki huhifadhi faili kwa Ctrl-O. Rafiki yangu alikijaribu kwenye macOS, mfumo wa kompyuta za Apple ambao nao ulipata cheti cha Unix kamili kwa toleo la 10.5 la mwaka 2007, akaniandikia kwamba kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kuhifadhi. Nilitafuta kosa kwenye msimbo wa kuandika faili kwa siku nne. Kosa halikuwa hapo. Mifumo yenye asili ya BSD huikabidhi terminali Ctrl-O kama amri ya kutupa maandishi yanayotoka, kwa hiyo kitufe kilimezwa kabla ya kukifikia kihariri. Linux inaitaja huduma hiyo kwenye mwongozo wake na kusema wazi kwamba haitekelezi. Ndiyo maana kwa miaka yote Ctrl-O ilipita salama: mlango ulikuwa umechorwa ukutani, haufungi wala haufunguki. Dawa yake ilikuwa neno moja, IEXTEN, kuongezwa kwenye orodha ya vitu vya kuzimwa.

Kitufe cha kufuta nyuma nacho kina kisa chake, ambacho kila aliyetumia terminali za zamani anakifahamu. Terminali nyingine hutuma namba 127, nyingine hutuma 8, na kihariri chetu kilijua 127 peke yake. Jibu si kuziandika namba zote mbili na kuomba heri, ingawa wengi hufanya hivyo. Jibu ni kuiuliza terminali yenyewe, maana termios ina nafasi maalumu inayotaja kitufe hicho. Vifaa huacha alama zake kwenye vihariri kwa muda mrefu sana. Wanaoshangaa kwa nini vi, kihariri cha zamani cha Unix, husogeza kishale kwa h, j, k na l wajue kwamba Bill Joy aliiandika akitumia terminali ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichapwa juu ya herufi hizo nne. Terminali hizo zimebaki makumbusho, lakini vidole vyetu bado vinazitii.

Sasa nifike kwenye dosari iliyonifanya niandike barua hii. Mashine yangu ya FreeBSD inatumia prosesa ya ARM, na mara ya kwanza nilipofungua faili humo, kihariri kiliganda, kikala kumbukumbu yote hadi mfumo ukakiua. Sababu ilikuwa kigeu kimoja, yaani nafasi ya kumbukumbu yenye jina ambamo programu huweka thamani. Katika C, kitendaji cha kusoma herufi kutoka kwenye faili hurudisha namba kamili, ili pamoja na thamani 256 za baiti kiweze kurudisha thamani ya ziada, iliyo hasi, yenye maana kwamba faili limekwisha. Mwandishi aliipokea namba hiyo kwenye kigeu cha aina ya char, ambacho ni baiti moja. Kiwango cha C hakisemi kama char inaweza kuwa hasi. Huliacha jambo hilo kwa kila jukwaa. Kwenye prosesa za Intel kwa kawaida inaweza, na kwenye ARM, iwe ni Linux au FreeBSD, kwa kawaida haiwezi. Kwa hiyo kwenye mashine yangu alama ya mwisho wa faili haikutambulika kamwe, na kihariri kiliendelea kusoma faili lililokwisha zamani.

Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni kosa la ARM, au la yule aliyekihamisha kihariri, na kwa hakika nililaumiwa hivyo. Lakini tazama kilichokuwa kikitokea kwenye mashine ya awali. Baiti yenye thamani 255, ikiingizwa kwenye char inayokubali hasi, hugeuka kuwa hasi moja, yaani inafanana kabisa na alama ya mwisho wa faili. Faili lolote lililokuwa na baiti hiyo lilisomwa hadi hapo, likakatwa kimyakimya, na mtumiaji akilihifadhi, sehemu yote iliyofuata ilipotea. Kwa muda wote huo watu walikuwa wakipoteza maandishi kwenye mfumo ambao kihariri kilisemekana kuwa kinafanya kazi barabara. Mfumo mpya haukuleta dosari hiyo. Uliipigia kelele tu.

Zipo na tofauti ambazo hazipigi kelele kabisa, na hizo ndizo zinazonitia hofu. Kihariri makini, baada ya kuandika faili, huita fsync ili kuhakikisha kwamba data imetoka kwenye kumbukumbu na kufika kwenye diski. Kwenye macOS, fsync huikabidhi data kwa kifaa cha kuhifadhia, lakini kifaa chenyewe kinaweza kubaki nayo kwenye akiba yake ya muda, na anayetaka uhakika zaidi hana budi kutumia amri nyingine iitwayo F_FULLFSYNC. Programu isiyojua hilo itakompailiwa, itapita kila jaribio na kusifiwa, mpaka siku umeme utakapokatika.

Kuhusu namna ya kurekebisha, watu wa fani hii hatukubaliani, nami nitasema upande wangu. Njia rahisi ni kupachika masharti ndani ya msimbo: kama hii ni Linux fanya hivi, kama ni FreeBSD fanya vile. Masharti matatu hayadhuru. Yakifika mia, hakuna anayeweza tena kuusoma msimbo, na masharti mengi yanakuwa yanauliza swali lisilo sahihi, kwa kuwa huuliza jina la mfumo pale ambapo ingefaa kuuliza uwezo wake. Mifumo hubadilika ingali na majina yaleyale. Kitendaji cha strlcpy, cha kunakili matini, kilikuwepo OpenBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa BSD, tangu mwaka 1998, na maktaba ya C ya GNU inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux ilikipokea mwaka 2023. Kila sharti lililosema kwamba Linux haina strlcpy liligeuka uongo mwaka huo bila mtu kuligusa.

Vim, kihariri cha mtindo wa vi ambacho wengi hukidhani mzaliwa wa Unix, ilihamia humo. Bram Moolenaar aliitoa kwa umma mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za Amiga, akianzia na kihariri kingine kilichotoka kwenye kompyuta za Atari ST, na mwaka uliofuata ikaingia Unix. Pengine asili hiyo ndiyo iliyofanya mambo ya kila mfumo yatengewe faili lake, os_unix.c hili na os_amiga.c lile, na njia hiyo ndiyo niliyoifuata. GNU Emacs, kihariri kingine mashuhuri, ilionja upande mwingine wa shilingi. Ili ianze upesi, kwa miongo mingi ilikuwa ikijipakia, kisha ikamwaga picha ya kumbukumbu yake kwenye faili jipya la kuendeshwa, mbinu iliyotegemea muundo wa ndani wa faili za kila mfumo, hata ikabidi pawepo msimbo tofauti wa ELF (muundo wa faili za kuendeshwa unaotumiwa na Linux na mifumo mingine), wa AIX, wa macOS na kadhalika. Njia mbadala isiyotegemea muundo huo ilifika katika toleo la 27.1, mwaka 2020.

Marekebisho yangu niliyatuma kwa mtunzaji wa kihariri. Aliyakataa mwanzoni, akisema kwamba hatumii FreeBSD na hawezi kuijaribu, na hoja hiyo ina uzito. Nilitenganisha lile la kigeu cha char, nikaambatisha faili dogo lenye baiti 255 katikati na kumwomba alifungue kwenye Linux yake. Alipokea rekebisho hilo jioni ileile, na mengine yalifuata baada ya wiki kadhaa.

Ninachoomba kwenu, Ndugu Mhariri, ni kwamba makala za aina hii zinapoisifu programu kwa kufanya kazi kwenye kila Unix, zitaje ilijaribiwa kwenye mifumo ipi, toleo gani, na kwa prosesa ya aina gani. Kihariri nilichokieleza hapa kimejaribiwa kwenye FreeBSD 14 kwa ARM. Kwenye Solaris na AIX, mifumo mingine ya jamii ya Unix, bado.

Wako,
Msomaji na mwandishi wa programu