Kabla hujatuletea sura ya malkia: pesa ya nchi yako ya kubuni inavunjwaje?

Wateja wengi wanaokuja kwetu kutengenezewa pesa za nchi isiyokuwepo, kwa riwaya, jukwaa, kamera au mchezo wa mezani, huanza na sura. Mmoja ana picha ya malkia, mwingine ana tai mwenye vichwa viwili, na karibu wote wana jina la sarafu walilolifikiria kwa miezi. Wanachotaka ni kuona noti imechapwa. Sisi huanza na swali lingine kabisa: mtu wa nchi yako akinunua kitu cha simbi saba kwa noti ya hamsini, anarudishiwa chenji gani?

Simbi ni jina tunalotumia kwa mifano yetu, na nchi tumeiita Umbala. Wewe weka majina yako. Swali ni lilelile, na mara nyingi mteja hulikuta hana jibu, kwa sababu alibuni noti moja nzuri bila kubuni pesa.

Kwa ngazi ya thamani inayotumiwa na nchi nyingi duniani, yaani 1, 2, 5, 10, 20, 50, chenji ya arobaini na tatu hutoka kwa vipande vinne: ishirini mbili, mbili moja, moja moja. Ukiwa na 1, 10 na 100 peke yake, vinakuwa saba, na muuzaji wa Umbala atashinda siku nzima akihesabu vichele. Mwandishi wa michezo ya mezani asipoliona hili mapema, wachezaji wake watakwama kwenye kuvunja noti badala ya kucheza. Tumeona mchezo mzuri ukiwekwa kando kwa sababu hii tu, na inatuuma, maana dawa yake ni nusu saa ya karatasi na penseli.

Ngazi ya ajabu nayo ina mahali pake, ila iwe na sababu. Burma (sasa Myanmar), mwaka 1987, ilifuta ghafla noti za kyat 25, 35 na 75, na badala yake zikaja za 45 na 90, kwa kuwa mtawala wake Ne Win aliipenda namba tisa. Watu walipoteza akiba zao kwa tangazo moja. Kama nchi yako inatawaliwa na mtu wa namna hiyo, noti ya 45 itamweleza msomaji mengi kuliko kurasa tatu za maelezo. Hadi Februari 1971 Uingereza ilikuwa na pauni ya shilingi 20, na shilingi ya peni 12. Madagaska hadi leo ariary moja hugawanywa kwa iraimbilanja tano. Hesabu kama hizi humfanya msomaji ahisi nchi ina umri. Kwa riwaya tunazipenda sana. Kwa mchezo wa mezani tunakushauri uziache.

Sasa njoo kwenye mkono. Kazi moja ya jukwaani ilitufundisha jambo ambalo tangu hapo hatulisahau. Tulichapa noti za 5 na za 50 zikiwa na vipimo sawa, zote za rangi ya udongo, moja imekolea kidogo kuliko nyenzake. Mezani kwetu, chini ya taa nyeupe, zilipendeza na kutofautiana vizuri. Jukwaani taa zilikuwa za rangi ya machungwa. Mwigizaji alitakiwa kulipa deni kwa noti tatu za hamsini, azitupe mezani moja baada ya nyingine huku akimtazama adui yake machoni. Alishindwa kuzitambua. Akainamisha kichwa, akazisogeza kwenye mwanga, akageuza moja nyuma na mbele, na hasira yote ya tukio lile ikamwagika. Tulizichapa upya zote kwa gharama yetu.

Ndiyo maana sasa noti kubwa kwa thamani tunaifanya kubwa kwa umbo. Noti za yuro zimefuata njia hiyo: ile ya 5 ina urefu wa milimita 120, ile ya 100 ni ndefu zaidi, na kidole huhisi tofauti. Dola za Marekani zote zina kipimo kimoja, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya huko ilikubali kwamba jambo hilo linawanyima haki wasioona. Ukibuni nchi, una nafasi ya kuwatendea haki wasioona wake tangu siku ya kwanza. Sisi tungependa uitumie.

Sarafu zina raha yake. Uingereza ilipotoa peni 50 mwaka 1969 iliipa pembe saba, lakini pande zake zimepindwa kidogo kiasi kwamba upana haubadiliki hata ukiizungusha vipi, hivyo hubingirika ndani ya mashine kama sarafu ya duara. Vile vijistari vya ukingoni navyo havikuwekwa kwa urembo. Zamani, sarafu zilipokuwa za dhahabu na fedha halisi, wezi walikuwa wakikwangua kingo na kukusanya unga. Ukingo wenye mistari ulimuumbua aliyekwangua. Kwa hiyo tukikuuliza kama sarafu ya Umbala ni ya madini ya thamani au ya shaba tupu, tunataka kujua ukingo wake uweje.

Kuhusu picha, tutakueleza kisa kimoja tu kwa kuwa kinatugusa. Robert Kalina alipochora noti za kwanza za yuro aliweka madaraja ambayo hayakuwepo popote, ili nchi yoyote isiseme ni lake. Baadaye mji wa Spijkenisse, Uholanzi, ukayajenga kweli yote saba, kwa rangi zilezile za kwenye noti. Kilichobuniwa vizuri watu hukitamani mpaka wakakitengeneza.

Wenye hadithi za nchi iliyoporomoka, msitulipe ili tuwachoree noti mpya za kifahari. Mwaka 1923 Ujerumani ilichukua noti za maki 1,000 na kuzipiga chapa nyekundu juu yake: bilioni moja. Zimbabwe ilifikia noti ya dola trilioni 100. Chapa moja nyekundu iliyokaa upande juu ya noti ya zamani humwambia mtazamaji kila kitu, na kwetu ni kazi rahisi kuliko kuchora noti mpya.

Karatasi ya kawaida ya ofisini haifai, na hapa tunaomba mtuamini. Hulia vibaya kwenye kipaza sauti na ikikunjwa hubaki na mstari mweupe. Karatasi yenye pamba hukunjika kama kitambaa, na ndiyo sababu noti halisi nyingi hutengenezwa kwa pamba. Kuzichakaza tunafanya kwa mkono: noti inakunjwa mara mbili, inasuguliwa kiganjani, inapitishwa kwenye chai hafifu, inakaushwa, kisha pembe zinapigwapigwa kwa kidole mpaka zilegee. Namba za mfululizo tunazibadilisha kwenye kila noti. Siku hizi mtazamaji husimamisha picha, na kibunda chenye namba ileile kwenye kila noti humtoa kwenye hadithi.

Kuna ombi ambalo hatulikubali hata kwa mteja wa miaka mingi: kuchukua noti ya nchi ya kweli na kuibadilisha kidogo. Usituletee noti halisi tuiskani. Noti nyingi zina kundi la vijiduara vitano ambavyo mashine za kunakili za rangi huvitambua na kukataa kazi, na baadhi ya programu za picha hufanya hivyohivyo. Sheria nazo ni kali. Marekani, picha ya rangi ya noti yake lazima iwe chini ya robo tatu ya kipimo halisi au zaidi ya mara moja na nusu, tena upande mmoja tu. Wakati wa kupiga filamu moja iliyotoka 2001, pesa za bandia zililipuliwa huko Las Vegas, watu wakaziokota na kujaribu kununulia vitu, na maofisa wa serikali wakaja kuzikamata. Mtu anayeuza dukani akipokea noti ya namna hiyo hasara ni yake. Noti ya Umbala haiwezi kumdhuru mtu, maana haifanani na ya nchi yoyote, na tunahakikisha hivyo kwa rangi, kwa kipimo na kwa jina la benki.

Ukitaka kuanza, tuandikie mambo haya: kitu cha bei ya chini kabisa nchini mwako ni kipi na kinauzwa simbi ngapi, mshahara wa mwezi wa mtu wa kawaida ni kiasi gani, na pesa itatumika wapi, jukwaani, kwenye kamera au mezani. Picha ya malkia ilete pia, tutaitunza. Ndani ya wiki mbili utapata sampuli za noti nne na sarafu tatu. Zima taa, zitie mfukoni, kisha umpe mtu mwingine chenji ya arobaini na tatu. Ukikosea, zirudishe na utuambie ni zipi zilizokuchanganya.